Injini Iliyolazwa Kitandani

Lori likipita barabara ya Mombasa, Fundi aliacha kutafuna. Tonge la ugali lilibaki shavuni, macho yakatulia ukutani, na watoto wake walijua wasiongee mpaka ile sauti ipotelee upande wa Maungu. Ndipo aliposema, "Huyo hafiki Mariakani," au "Huyo valvu zimemchoka," halafu akaendelea kula. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda Mariakani kuhakikisha. Tulimwamini tu, kwa namna alivyosema, kama mtu aliyeletewa habari ya mgonjwa wa nyumbani kwake.

Ukuta wa kwetu na wa kwake ulikuwa mmoja. Mimi ni wa Sagalla, na nilishuka Voi nilipoolewa na Mwakio, aliyekuwa akichochea moto kwenye garimoshi. Landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, zilikuwa zimejaa, kwa hiyo tulipanga chumba katika nyumba ya udongo pembeni mwa mji, pale ambapo mkonge ulikuwa umekaribia kuingia uani. Chumba cha pili alikuwa Fundi na mkewe, Mama Atieno, na watoto wao. Walikuwa wametoka pande za Kisumu kufuata kazi. Kila kilichosemwa kwao nilikisikia, na bila shaka wao pia walisikia cha kwetu, ila walikuwa na adabu ya kujifanya hawakusikia.

Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na shingo yake ilikuwa imeinama kidogo mbele kwa kuzoea kuchungulia mashine. Ukimpa mkono alikupa kifundo, si kiganja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba na kile cha mwisho. Vitatu vya katikati vilichukuliwa na mashine ya kusindika mkonge katika shamba alilokuwa akifanya kazi. Wakati wa kula aliwageuzia watu mgongo, kwa sababu alilazimika kutumia kushoto na aliona aibu, ingawa hapakuwa na wa kumcheka. Alikuwa na hasira za karibu, mdomo wake mchafu hata mbele ya watu wa kanisa, na yeye mwenyewe hakutia mguu kanisani tangu siku ile ya mkono. Lakini Jumapili Mama Atieno akichelewa kuwavalisha watoto, alikuwa mlangoni akigomba, "Mnataka Mungu awasubiri nyinyi?" Alikuwa pia na kuku kadhaa aliowaongelesha kwa Kijaluo kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo mkewe aliniambia yeye mwenyewe hajawahi kuipata.

Neno lake lilikuwa "bado". Umekula, Fundi? Bado. Umepona mkono? Bado. Umepata kazi? Bado. Alilisema bila uchungu, kama mtu anayekujulisha kwamba yuko njiani anakuja.

Shamba lilimtibu, kisha likamtoa kwenye nyumba ya wafanyakazi kwa kuwa hakuwa mfanyakazi tena. Alipokwenda kwa msimamizi, Mzungu mmoja aliyependa mbio za magari, kuuliza atalipwa nini kwa vidole vyake, yule bwana alimpeleka nyuma ya stoo na kumwonyesha gari lililokuwa limelala kwenye nyasi.

"Chukua hilo," alimwambia. "Liko sawa na mkono wako."

Fundi alitusimulia maneno hayo mara moja tu, na hakuna aliyejua kama yule bwana alikuwa anamdhihaki au alidhani anamtendea wema.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, halina paa, rangi ya kijani iliyobabuka kwa jua. Lilikuwa limeundwa kwa ajili ya kukimbia na si kwa kazi nyingine yoyote. Lilikuwa na kabureta mbili, na bomba la moshi nene kama mguu wa mtoto. Msimamizi alilipeleka kwenye mashindano, akalipiga mbio bila kuangalia mafuta, na injini ikakauka njiani. Beringi ziliyeyuka, pistoni zikagandana na silinda, na tangu hapo halikuwahi kunguruma. Trekta ya shamba ililiburuta mpaka uani kwetu na kuliacha kando ya choo. Watu wa mtaa walikuja kulitazama. Wapo waliocheka waziwazi, na wapo waliomhurumia, jambo ambalo Fundi alilichukia zaidi.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Palikuwa na kijana wa Kihindi Mombasa, mwenye duka la vipuri na karakana, ambaye aliyajua magari ya aina ile na kuyataka. Alikuwa akipita Voi mara kwa mara. Siku moja alisimama, akalizunguka gari, akainama, akatazama mkono wa Fundi.

"Ukiifufua hii," alisema, "gari nachukua, na wewe nakuchukua pia. Lakini nataka kuisikia ikiwa imekwisha kukaa vizuri. Sitaki injini ya kukohoa."

Kwa hiyo hapakuwa na jambo lingine. Mtu asiye na vidole hakupewa kazi popote. Fundi alikuwa ameulizia reli, barabara, na kila duka lenye lori, na kote walitazama mkono kwanza. Hilo gari la kando ya choo ndilo lililobaki kati yake na kurudi kwao kuwa mzigo wa ndugu.

Alishusha injini kwa kamba na tawi la mwarobaini, akaifungua kipande kwa kipande. Vumbi la Voi huingia hata ndani ya yai, na uani kulikuwa na kuku na mbuzi wa watu. Palikuwa na mahali pamoja tu palipo safi. Akavua shuka, akatandika magunia juu ya kitanda chao, kitanda pekee walichokuwa nacho, na akaipanga injini yote hapo: pistoni, valvu, springi, kila kitu na mwenzake. Familia ikahamia sakafuni. Mtoto akikisogelea kitanda, Fundi alinguruma. Mama Atieno alinifungulia mlango siku ya kwanza na kuniambia, "Njoo umwone mke mwenzangu."

Tulicheka sana siku ile. Baadaye hatukucheka.

Kazi iliyohitaji vidole aliifanya mkewe. Nilikuwa napita kuazima chumvi au moto na kuwakuta: Fundi amesimama nyuma ya mkewe, kidevu karibu kiguse kilemba chake, na Mama Atieno amepiga magoti mbele ya kitanda na kisu kidogo. Zile beringi zilizoyeyuka zilitaka madini meupe laini, yaleyale ya beringi za mabehewa, na Mwakio alikuwa akiokota mabaki yaliyotupwa nyuma ya karakana ya reli. Tuliyayeyusha kwenye sufuria yangu kubwa ya harusi, juu ya makaa. Fundi alinikataza kusogea na kijiko chenye maji.

"Tone moja likianguka humo, shemeji, litaturukia machoni sote."

Akamimina mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akishikilia kifundo kwa ule mkono mwingine ili usitetemeke. Sufuria haikufaa tena kupikia kitu.

Kisha kukakwanguliwa. Walipaka masizi ya taa na mafuta kwenye kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, wakafunga beringi, wakazungusha, wakafungua. Palipoguswa palikuwa peusi. Hapo peusi pakakwanguliwa kidogo sana, halafu wakapaka tena, wakafunga tena, wakazungusha tena. Siku zilipita hivyo, na Mama Atieno macho yakawa mekundu kama ya mtu mwenye surua.

"Usikwangue kama unamenya muhogo!" Fundi alimfokea.

"Basi nipe vidole vyako," Mama Atieno alijibu, bila kugeuka.

Fundi alitoka nje. Nilimsikia nyuma ya nyumba akiongea na kuku wake taratibu, na aliporudi alipiga magoti kando ya mkewe na kumshikia taa, ingawa ilikuwa mchana.

Kuku wale wakaenda sokoni mmoja mmoja na kurudi wakiwa msasa, plagi, mafuta. Gasketi ya kichwa cha injini aliikata kwa mkasi wa fundi cherehani kutoka kwenye mtungi wa shaba uliotoboka, akaichoma kwenye makaa mpaka ikalainika kama ngozi. Ringi alizipata kwenye lori bovu, zikiwa kubwa mno, na Mama Atieno alizipunguza kwa tupa mpaka zikaingia. Valvu walizisaga kwa mchanga wa mto uliochujwa kwa kitambaa. Unga ulipopungua, Fundi alisema hana njaa, na kila mtu alijua anadanganya, maana mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Watoto walianza kuja kwangu saa za kula wakisema wamekuja kutazama moto. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Niliwapakulia bila kuwauliza kitu.

Katikati ya hayo alikuja kaka yake Mama Atieno. Alifanya kazi ya reli Kisumu na alisafiri kwa pasi ya reli, bila nauli. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kofia. Alisimama mlangoni, akaangalia kitanda, akaangalia magunia sakafuni ambako dada yake alilala, na hakuvua kofia.

"Dada yangu hakuolewa na chuma," alisema.

"Shemeji, kaa kwanza," Fundi alimwambia.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuwachukua."

Nilikuwa upande wangu wa ukuta na nilisimama kabisa, chungu mkononi. Sikuwahi kumsikia Fundi akiomba. Siku ile aliomba. Aliomba kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, sauti ikikatika, akimweleza juu ya yule kijana wa Mombasa, juu ya karakana, akitaja vipande vya injini kama anavyotaja mtu majina ya mashahidi.

"Nipe mpaka mvua za vuli," alisema mwishoni. "Mvua zikinikuta hivi, wachukue. Sitasimama mlangoni."

Kaka mtu aliuliza dada yake kama anasikia maneno hayo. Mama Atieno akasema amesikia. Basi akaondoka na garimoshi la jioni.

Injini iliporudishwa garini, jaribio la kwanza la kuwasha lilikuwa balaa. Fundi alizungusha hendeli kwa mkono wake mzima, injini ikapiga kinyume, na hendeli nusura imvunje kiwiko. Alilala uani akiwa ameuma kola ya shati ili asipige kelele. Jaribio lililofuata mafuta yalivuja chini yote. Akafungua tena kila kitu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya Sagalla bila kunyesha, na kila asubuhi alitoka kuyaangalia kama mtu anayeangalia askari wanaopanda kilima kuja kwake.

Asubuhi injini ilipoitika, aliyeshika hendeli alikuwa Mama Atieno. Alizungusha, ikakohoa. Alizungusha tena, na uani ukajaa ngurumo ambayo sijawahi kusikia mfano wake. Vikombe vyangu vilitetemeka kwenye kabati. Watu walitoka majumbani wakakimbilia kwetu. Mama Atieno alikuwa anaruka na watoto wake, kanga imemwanguka. Fundi hakuruka. Alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja kile chenye vidole viwili kimetulia juu ya injini, anasikiliza. Kisha akaizima.

"Imewaka!" nilimwambia. "Fundi, imewaka!"

"Imewaka. Lakini bado haijakaa."

Alitueleza kwamba injini iliyoundwa upya ni kama mtu aliyetoka hospitali. Kila kipande lazima kizoeane na mwenzake. Haipigwi mbio wala haipandishwi mlima. Inatembezwa taratibu kwenye tambarare mpaka ijilainishe yenyewe. Ikikimbizwa mapema, beringi zile za sufuria zitayeyuka kama siagi. Kwa hiyo kila alasiri aliitoa matembezi, polepole, hadi njia panda ya Sagalla na kurudi, na Mama Atieno pembeni yake amenyooka kama malkia. Yule kijana alipelekewa habari. Akasema atakuja Jumamosi.

Uchungu wangu ulinianza katikati ya wiki ile. Mwakio alikuwa safarini, garimoshi lake limekwenda Nairobi. Mama mkwe alishuka kutoka Sagalla na kuniuguza usiku kucha, na kesho yake mchana mtoto alikuwa hajasogea. Akaitwa dresa, mganga msaidizi wa zahanati, kijana mpole wa Wundanyi. Alinipapasa, akatoka nje na mama mkwe, lakini kuta za nyumba ile hazikuficha kitu, nilisikia yote.

"Mtoto amekaa vibaya. Hapa sina kitu cha kumsaidia. Apelekwe hospitali ya mlimani, na apelekwe sasa."

"Kwa gari gani?"

"La kwetu liko Taveta."

Lori za mkonge zilikuwa zimekwenda kupakia. Garimoshi la kwenda Mombasa lilikuwa la jioni. Mama mkwe hakurudi ndani kwangu. Alikwenda moja kwa moja mlango wa pili.

"Mwanangu," alimwambia Fundi, "mke wa Mwakio anakufa. Nipe gari lako."

"Mama," Fundi alisema, "gari haliwezi mlima. Nikilipandisha Wundanyi leo, injini imekwisha. Jumamosi mtu anakuja."

"Mwanangu."

"Tafuteni lori, mama! Lazima kuna lori!" Alikuwa anapiga kelele sasa. "Mnajua nimefanya nini kwa hii injini? Mnajua wanangu wamekula nini?"

Mama mkwe hakujibishana naye. Aliniambia baadaye kwamba alikaa chini pale vumbini. Aliyeinuka ni Mama Atieno. Alipita mbele ya mumewe, akaondoa gunia lililofunika injini, akachukua hendeli, akasimama mbele ya gari.

"Baba Atieno," alisema, "nazungusha mimi au unazungusha wewe?"

"Unajua ndugu yako atakuja."

"Najua."

"Unajua na maana yake."

"Najua. Panda garini."

Nilibebwa na watu, nikalazwa kiti cha abiria, na mama mkwe akajibana nyuma ambako huwekwa mizigo. Mama Atieno alibaki uani. Sikumbuki kama alitupungia.

Hadi Mwatate, Fundi alijaribu kuwa mwema kwetu sote wawili, mimi na injini. Aliendesha taratibu, akipishana na mashimo, akiniangalia, akiangalia mshale wa joto. Nilikuwa naingia na kutoka katika fahamu. Nakumbuka mkonge ukipita, safu baada ya safu. Nakumbuka kwamba mkono mzima ulikuwa kwenye gia, na ule mbovu ulishika usukani, kwa hiyo kila kona aliisukuma kwa kifundo na kiwiko. Baada ya Mwatate mlima ukaanza, na mimi nikaanza kupiga kelele, na nilipoona anakunja uso nikajitahidi kunyamaza.

"Usinyamaze, shemeji," alisema. "Piga kelele. Ukipiga kelele siisikii injini."

Basi nilipiga. Akakanyaga mafuta, na gari lile likafanya kazi liliyoundiwa. Sijapanda kitu kingine chenye kasi ile katika maisha yangu. Kwenye kona za Wusi watu waliruka kwenye mashamba na majembe yao. Na hapo hapo Wusi, chini ya sauti yangu, nikasikia hata mimi: kitu kikigonga, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa jiwe.

Palipo na kijito alisimama. Alishuka, akafungua boneti, akamwagia maji redieta kwa kofia yake, mvuke ukapanda. Akarudia. Akasimama na kungoja, kiganja kimetulia juu ya chuma, macho amefumba. Niliona ni muda mrefu sana.

"Mwanangu, tunangoja nini?" mama mkwe alilia. "Anakwenda!"

Fundi aliruka kama mtu aliyeamshwa. Tukaondoka, na safari hii hakuangalia tena mshale wowote. Kule kugonga kukawa mayowe ya chuma, moshi ukaingia machoni, na karibu kabisa na hospitali injini ikapiga mlipuko mmoja na kukwama. Gari lilisimama katikati ya barabara. Wanaume waliokuwa wakichimba mtaro walinibeba mbio hadi ndani.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitolewa akiwa amekufa. Daktari alimweleza mama mkwe kwamba alikuwa amefariki tangu asubuhi, tumboni, kabla hata hatujaondoka Voi, na kwamba lililobaki lilikuwa kuniokoa mimi, na tungechelewa zaidi kidogo angewapa maiti wawili. Mama mkwe alitoka kumtafuta Fundi. Alimkuta amekaa ukingoni mwa barabara, mgongo kwa gari.

"Mtoto?" aliuliza.

Mama mkwe alitikisa kichwa. Alitaka kuendelea kusema, lakini Fundi alikuwa amekwisha kusimama, na akaanza kuteremka mlima kwa miguu. Hakugeuka alipoitwa.

Niliporudi nyumbani baada ya majuma, mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Yule kijana wa Mombasa alikuwa amepanda mlimani hadi kwenye gari, akafungua, akatazama, akasikitika kwa dhati, watu wanasema, na kuondoka na zile kabureta mbili tu. Kaka yake Mama Atieno alikuja na kofia yake. Safari hii hakupaza sauti. Fundi alitimiza neno lake: hakusimama mlangoni. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, ambako hapakuwa na kuku tena.

Nilimsindikiza Mama Atieno stesheni, nikiwa bado natembea kwa kujishika ukuta. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi.

"Wacha," aliniambia. "Nilishika hendeli nikiwa na akili zangu."

Watoto walikuwa wanagombea dirisha. Alipanda, akakaa, na garimoshi lilipoanza kusogea alikuwa anazitazama ncha za vidole vyake, nyeusi kwa mafuta, ambazo sabuni ilikuwa bado haijazishinda.

Baada ya hapo Fundi hakunisalimu tena. Tuliishi ukuta mmoja, tukapanga foleni bombani mmoja nyuma ya mwingine, na alitazama debe lake. Niliona ni haki yake. Nilikuwa nimekula kazi yake, mke wake na watoto wake, na sikuleta hata mtoto. Siku moja nilimpelekea chakula, akasema, "Nikikuona, shemeji, nasikia ile beringi," akafunga mlango polepole. Sikurudi. Mwakio alijaribu kuongea naye na akajibiwa "bado". Kisha mwezi mmoja tukasikia chumba kiko kimya, na mwenye nyumba akaja na mpangaji mwingine.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mwakio alikuwa amehamishiwa laini ya Taveta, nami nilimfuata na mwanangu wa kiume mgongoni. Nilikwenda kununua ndizi kwenye shamba moja lenye mashine ya kuvuta maji, na mtu aliyekuwa ameinama kwenye mashine ile alikuwa na shingo niliyoifahamu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Aliponiona, alizima mashine.

"Shemeji," alisema.

Tulikaa kwenye ukingo wa mfereji. Alimwangalia mtoto, akauliza jina lake, akauliza hali ya Mwakio. Nilimuuliza habari za Kisumu. Akasema hajaenda. Nikamuuliza kwa nini, na yeye akachota udongo na kuudondosha majini.

"Pale kijitoni," alisema. "Wusi. Unakumbuka nilisimama?"

"Nakumbuka."

"Redieta ilijaa mara ile ya kwanza. Haikuhitaji kungoja. Nilingoja kwa sababu ya Jumamosi. Nilisema nikiipoza vizuri, labda itafika, labda nitaiokoa. Nilisimama pale naipapasa injini, na mtoto wako anakufa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ningewezaje kukusalimu? Ningekwendaje kumwambia Mama Atieno? Yeye aliacha kila kitu, akashika hendeli, na mimi nikasimama kijitoni."

Miaka yote ile nilidhani ananichukia.

"Fundi," nikasema, "hakuna aliyekwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mtoto alikuwa amekufa tangu asubuhi. Kabla hatujatoka Voi. Daktari ndiye aliyesema. Mama mkwe alikuja kukueleza, ukaondoka."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni, anapumua shingoni mwangu, na maji ya mfereji yalikuwa yanapungua kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa.

"Kama alikuwa amekufa," alisema hatimaye, "sasa pale mlimani, nilikuwa nampeleka nani?"

"Mimi, Fundi. Ulikuwa unanipeleka mimi. Na ulinifikisha."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Sikumgusa. Mtu mmoja aliita kutoka kwenye migomba akiuliza maji yamekwenda wapi, akaita tena, na hakuna aliyemjibu.

"Niambie tena," alisema, bila kuinua uso.

Nikamwambia tena, kuanzia asubuhi.